Malalamiko Kuhusu Kupimwa Watu Thalathini na Mmoja na Kuchukuliwa Mahfoudh

Ghala la Rusayl, Muscat
Jumatatu, 12 Machi 2007

Kwa Mheshimiwa Meneja Mkuu,
Ndugu Ishaq bin Hamoud,
Ofisi Kuu, Qurum.

Mheshimiwa,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakufikia ukiwa umeshakunywa kahawa, maana nakujua tangu ulipokuwa mdogo, kabla ya kahawa huambiki.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kiarabu changu cha kusema hakina neno, lakini cha kuandika kinatosha orodha ya sokoni tu. Kiingereza niliachana nacho darasa la saba, skuli, Unguja, na mwalimu mwenyewe alikuwa akikosea. Nawe kwenu nakujua, Kiswahili mnasema mpaka na paka. Kwa hivyo usije ukanambia barua haikufahamika, ikapelekwa kwa mfasiri, ikapotea.

Mie ni Nasriya, karani wa dirishani katika ghala letu la spea za viyoyozi na pampu za maji. Huu mwaka wa kumi na nne. Kwa maandishi sijapata kulalamika hata siku moja. Kwa mdomo nimelalamika, nakiri, lakini nani hajalalamika katika joto la Rusayl? Leo nimeshika kalamu kwa sababu mmemchukua Mahfoudh.

Ombi langu nalitanguliza, ili ukichoka njiani uwe ushalipata: Mahfoudh arudishwe Rusayl, kwenye meza yake, kabla ya mwezi huu kwisha. Sababu nimezitia nambari, kwa kuwa nasikia huko Qurum kisicho na nambari hakisomwi.

La kwanza. Lile neno.

Mwezi uliopita mlituletea Bi Khawla, msichana mwenye elimu yake, aliyerudi kusoma Uingereza, aje atupime. Barua yenu ilisema kampuni inataka kujua kama ghala letu linawafaa wafanyakazi ambao bongo zao zinafanya kazi kwa njia ya tafauti, na kama haliwafai, litengenezwe mpaka liwafae. Jambo jema. Barua niliisoma mie mwenyewe kwa sauti, watu wote wasikie, na nikasema jambo jema. Akasimama Bi Khawla baina ya rafu ya pili na ya tatu, mbele ya watu thalathini na mmoja, akauliza kwa Kiarabu: nani hapa mwenye tawahhud?

Sasa Ishaq, wewe umesoma. Unajua kuwa tawahhud, kwa madaktari, ni ile hali ya mtu aliyeumbwa na dunia yake kichwani, kelele na kuguswa vinamtaabisha, na mambo anayaona kwa namna yake. Sisi hatukujua. Sisi tumesoma chuo cha Kurani, na chuoni tulisomeshwa tawhid, kuwa Mungu ni mmoja. Na baina ya tawhid na tawahhud, kwa mtu aliyesimama chini ya kiyoyozi kinachonguruma, tafauti yake haisikiki.

Bwana Hilal, msimamizi wetu, ambaye pia ndiye anayetusalisha adhuhuri, alibadilika uso. Akasema, "Binti yangu, unamuuliza nani hapa asiyekuwa nayo? Mmesikia nini huko Qurum?" Bi Khawla akamtolea macho, akauliza ina maana ni wote? Hilal akapandisha sauti, "Wote! Tangu matumboni mwa mama zetu!" Bi Khawla akaandika. Mikono ikanyanyuka yote. Hata Noel, dereva wetu wa foklifti, Mkristo wa Bukoba, akanyanyua wake. Akasema, "Na mimi niandike, dada. Wangu naye ni mmoja, nisije nikaachwa nje ya orodha."

Ndiyo mkapata ile ripoti yenu ya asilimia mia kwa mia. Nasikia imetiwa fremu. Nasikia kuna watu wa Dubai wamewaita mkawaeleze mmewezaje. Waelezeni basi kuwa mliuliza Waislamu kama ni Waislamu, wakasema ndiyo.

La pili. Maswali yenyewe.

Fomu ilikuwa na maswali arubaini. Wambui, yule Mkenya wa ofisi ya wafanyakazi, alikuja kututafsiria kwa Kiswahili chake cha Nairobi, na baada ya siku mbili tukaanza kufahamiana. Swali: je, mtu akikusemesha humtazami machoni? Mie mtoto wa watu. Nimelelewa niyainamishe macho mbele ya mwanamme asiyekuwa maharimu wangu. Nikajibu kweli, sitazami. Alama nne. Swali: je, kuna mambo unayafanya kila siku kwa saa zake, na ukiyakosa unafadhaika? Mara tano kwa siku, Ishaq, na alfajiri ikinipita siku nzima nakuwa kama niliyeibiwa. Alama tano. Swali: je, unajiosha mikono na uso kwa mpango usiobadilika? Tatu tatu, kulia kabla ya kushoto. Tano nyengine. Swali: je, unapenda kurudiarudia maneno yale yale? Nikaitazama tasbihi mkononi mwangu, nikajua hapa nshapatikana.

Bwana Hilal alipata alama nyingi kutushinda sote. Wambui akamshika mkono kwa huruma, na yeye mara akauchomoa, na hilo nalo likaandikwa. Akamwambia, "Pole sana mzee, lakini uko strong." Mzee wa watu akenda kwake akamwambia mkewe kuwa kampuni imemkuta na kitu. Mke akalia. Asubuhi yake ukoo mzima ulikuwa uwanjani kwake na chupa za asali. Mpaka leo kila akipiga chafya ananyweshwa habasoda.

Nauliza tu, na sitaki ugomvi: fomu inayomkuta na hitilafu kila mtu aliyelelewa vizuri, anayepimwa hapo ni mtu au fomu?

La tatu. Vifaa mlivyotuletea.

Wiki ya pili likaja gari na vifuniko vya masikio thalathini na moja, vipira laini vya kuminya mkononi ili roho itulie, na fundi wa kupunguza mwanga wa taa. Vipira vimeshachezewa mechi mbili, spea dhidi ya pampu, na spea wamefungwa. Taa sasa ni hafifu mpaka mie nambari za maboksi nazisoma kwa tochi ya simu, na Bwana Hilal akimaliza kula analala palepale, mkono ungali kwenye mchuzi. Vifuniko vya masikio Noel alivivaa kama alivyoamriwa. Akarudi nyuma na foklifti, tukampigia kelele, yeye ametulia kama mtu aliye ndani ya maji. Rafu ya tano ikalala chini na pampu kumi na nane. Alipovivua akasema, "Kweli vinatuliza."

Na lile bango mlilotundika mlangoni, MHESHIMU MWENZIO ALIYE TAFAUTI, naomba maelezo. Kwa ripoti yenu, sote ni tafauti. Sasa nani amheshimu nani? Tumekaa tunangojeana.

La nne. Kujumuishwa.

Tuliambiwa tujifunze kujumuishana. Sisi tunakula sinia moja tangu ghala lilipofunguliwa, mikono saba kwenye wali mmoja. Mnataka tujumuishane vipi tena, tutafuniane?

La tano. Tuliyoyafanya bila ya fomu. Hili ni refu, kaa vizuri.

Mahfoudh aliletwa na mjomba wake mwaka 1996, kashikwa kwenye mkono wa shati maana mwenyewe hataki kushikwa mkono. Hakutusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu akaanza kuzipanga kwa urefu. Bwana Hilal akanambia, "Huyu hana adabu, hakai hapa." Baada ya wiki akanambia, "Huyu akiondoka, naondoka na mie." Ghalani mwetu mna vitu elfu nne na mia mbili, mpaka na misumari, na Mahfoudh anajua kila kimoja kilipo bila ya kufungua daftari. Ukimuuliza anatazama juu ya kichwa chako, anakupa rafu, safu na boksi, kama mtu anayesoma kwenye ukuta.

Hatukumpa jina la hali yake. Tuliangalia tu nini kinamtaabisha, tukakiondoa. Honi ya foklifti ilikuwa inamtia mikono masikioni, basi Noel akaing'oa akafunga kengele ya baiskeli. Kuguswa hapendi, na safu ya sala ni bega kwa bega. Bwana Hilal akafikiri siku tatu, kisha akampa mwisho wa safu, ukutani. Upande huu ukuta, upande huu mtu, na mtu huyo ni mmoja siku zote, yule aliye mwembamba kuliko sote. Mambo ya ghafla yanamvuruga, kwa hivyo kesho kukiwa na kontena, leo tunamwandikia ubaoni. Kikombe chake hakiguswi. Na meza yake ipo ubavuni mwa yangu, zimeshikana, ili asijione yuko peke yake.

Maneno ya kuzunguka hayajui. Wewe unajua namna wenye maduka wanavyosema hapa, spea haipo lakini mteja anaambiwa "njoo kesho inshallah". Sote tunajua maana yake, na mteja naye anajua, anakwenda zake. Mahfoudh hajui. Kesho yake anakaa dirishani na karatasi ya yule mteja, anamngojea, na mteja asipotokea anauliza amepatwa na nini. Alituuliza hivyo mwaka mzima. Ikabidi tuache. Siku hizi spea haipo tunasema haipo, na inshallah tumeirudishia maana yake. Hilo hatukumfanyia sisi. Alitufanyia yeye, na hakuna fomu iliyoliuliza.

Na ule waraka wako wa mwaka juzi, uliosema mlango wako uko wazi kwa kila mfanyakazi, nadhani hujausahau. Mahfoudh alipanda basi akaja Qurum kuuona. Akaukuta umefungwa. Hakukasirika wala hakugonga. Alijaza karatasi ya matengenezo: mlango wa Meneja Mkuu, hitilafu, haufunguki. Mafundi wakaja wakaung'oa na bawaba zake. Ukatuandikia waraka mwengine, huo mkali. Lakini sema kweli mbele ya Mola wako, Ishaq, hitilafu ilikuwa ya nani?

La sita. Nilikuwa nimeliandika nikalifuta. Lilimhusu Bwana wa fedha, na leo Jumatatu nimefunga saumu.

La saba. Kuwapima walio sawasawa.

Fomu moja ilibaki. Nikaigeuza nyuma, nikaandika maswali yangu, nikawapima wakubwa wanaokuja Rusayl ambao nyinyi mnawaita watu wa kawaida. Matokeo yanatisha. Mtu wa kawaida anakuuliza hujambo, khabari za nyumbani, watoto wazima, na kabla hujafungua mdomo keshafika kwenye gari lake. Mtu wa kawaida anakaa mkutanoni saa mbili kutafuta siku ya mkutano mwengine. Akisema "tutaliangalia", usimwangalie tena, limekwisha. Bwana wa masoko akikuta mtu ameegesha gari chini ya kile kivuli chake, siku ile kazi haifanyi, anazungukazunguka mlangoni na ufunguo mkononi anasema peke yake. Mahfoudh akihamishiwa kikombe chake mnasema anahitaji msaada. Huyu kahamishiwa kivuli tu, na hakuna aliyemletea hata kipira cha kuminya.

Na wewe mwenyewe, usinikasirikie, mtu akianza kusoma takwimu unakunja karatasi. Unakunja vidogovidogo, pembe kwa pembe, mpaka meza inajaa. Mama yako alikuwa akikupiga vidole kwa hilo. Kwa Mahfoudh mngeliita dalili. Kwa meneja linaitwa kufikiri.

Nimehesabu. Sisi thalathini na mmoja wa Rusayl tuna utaratibu, tunasema kweli na tunajuana nani hapendi nini. Nyinyi huko juu ndio mnaohitaji kusaidiwa, tena haraka, na sisi hatujawatangaza mahali popote wala kuwatia fremu.

La nane. Mahfoudh.

Baada ya ripoti ile kusema sote tunayo, Bi Khawla, ambaye si mjinga, alirudi akakaa kimya siku moja akitutazama, akajua kosa lilipotokea. Nampa haki yake. Lakini wiki hiyohiyo Mahfoudh akaandikiwa uhamisho. Tulikuja Jumamosi tukakuta meza tupu, kikombe hakipo. Tukaambiwa yuko Ofisi Kuu, amepewa Chumba cha Utulivu, anaingiza orodha ya spea kwenye kompyuta. Noel alipeleka mzigo huko akakiona chumba. Anasema kina ukuta wa kioo. Anasema siku ile walipita wageni wenye tai, wakasimama nje wakimtazama, na mmoja akatikisa kichwa kama mtu aliyeona samaki mzuri hotelini.

Miaka kumi na moja tumemlinda na macho ya watu, nyinyi mkamtia kwenye kioo.

Na tangu aondoke ghala halina kichwa. Yupo mzee mwenye kiwanda cha barafu ya samaki Qurayyat, kompresa yake imekatika mkanda. Mara ya kwanza tulimpa mkanda wa pampu. Mara ya pili tulimpa sijui wa nini, Bwana Hilal anasema wa mashine ya kufulia. Mara ya tatu, baada ya njia yote ile ya milima, akaegemea dirisha langu akanambia kwa upole kabisa, "Bibi, samaki wangu hawangojei nyinyi mmalize kupimwa." Nikageuka kumuuliza Mahfoudh, nikajikuta naisemesha meza.

Hilo, Ishaq, ndilo lililonishikisha kalamu. Mie mtoto wangu mmoja, kaolewa yuko Sohar. Mume wangu alikwishatangulia mbele ya haki. Miaka yote hii aliyekaa ubavuni mwangu kutwa ni yule. Sijui huko anakula na nani. Sijui kama wamemwandikia ubaoni mambo ya kesho. Sijui akisali wanamweka wapi, msikiti wa Qurum safu ndefu na ukuta uko mbali.

Kwa hivyo naomba yafuatayo, na nimeyapima.

Mahfoudh arudi. Ikiwa kanuni zenu zinakataa, kwa kuwa mtu akishaingizwa kwenye Chumba cha Utulivu hatolewi, basi sisi tumfuate. Naomba ghala lote la Rusayl lihamishiwe Qurum: rafu zote, spea elfu nne na mia mbili, foklifti na kengele yake, sinia, na watu thalathini. Nafasi mnayo, ile sehemu ya mapokezi yenye majani ya bandia inatosha rafu sita, na chumba cha mikutano kinatosha pampu. Nyinyi wa Ofisi Kuu mhamie Rusayl, kwenye taa mlizotupunguzia wenyewe, na vifuniko vya masikio mtavikuta kwenye boksi mlangoni. Cheo cha Bi Khawla apewe Mahfoudh, awapime nyinyi. Atawamaliza kwa siku moja, atawapanga kwa urefu, na kila mmoja atajulikana alipo.

Ukiona ombi hili ni kubwa, chukua lile dogo la mwanzo.

Nakuombea afya na subira, na Mola akupe masikio makubwa kuliko ofisi yako. Nisalimie mama yako Bi Shaikha, mwambie ile hina niliyomwahidi ipo, namngojea Noel apite njia ya kwao. Nisalimie mkeo na watoto, yule wa mwisho mwambie asome. Msalimie Wambui, sote tunampenda, mwambie Hilal hana neno. Bi Khawla naye msalimie, ingawa. Mafundi wa mlango pia. Bwana wa fedha akiwepo karibu, haya, na yeye.

Mwenzio katika kazi, na jirani wa zamani wa mama yako,

Nasriya binti Sleyum
Karani wa dirishani, Ghala la Rusayl

Tanbihi. Jumatano.

Ishaq, barua hii ilikuwa imeshafungwa. Jana nikaona haifai kumpigania mtu bila ya kumwambia, nikampandia Noel gari mpaka Qurum, na barua mkobani. Wambui akanipeleka kwenye kile chumba. Kioo kimezibwa chote kwa karatasi, Mahfoudh aliziomba siku ya pili tu, na Wambui akazibandika mwenyewe.

Nilimpa barua. Akaisoma yote, pole pole, akachukua kalamu akanisahihisha. Si miaka kumi na moja, ni kumi na miezi kumi. Kisha akatazama juu ya kichwa changu, akasema kwa sauti ileile anayotajia nambari za rafu, "Hakuna aliyenichukua. Niliomba mwenyewe."

Katika ile fomu ya Bi Khawla, swali la arubaini, la mwisho kabisa, linauliza: kitu gani kinakuzuia kufanya kazi yako? Sisi sote thalathini tuliliacha wazi, tulikuwa tumechoka kujadili tawhid. Mahfoudh peke yake alilijibu. Hakuandika honi wala taa. Aliandika jina langu.

Nikakaa kwenye kiti. Nikamuuliza, Mahfoudh, mbona miaka yote hiyo hukunambia? Akafikiri, maana yeye ukimuuliza kitu anafikiri kweli. Akanambia, "Hukuuliza. Ulikuwa unasema." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema boksi halimo.

Basi nikanyamaza. Sikususa, wallahi. Nadhani zilipita dakika tano, na kwangu mie ilikuwa kama saumu ya mwezi mzima. Ishaq, akaanza kusema yeye. Alisema mpaka adhana ya adhuhuri. Alinieleza namna anavyotaka kuzipanga spea upya kwenye kompyuta, alinieleza ndoto aliyoiota Ijumaa, na alinieleza khabari za dada yake aliyeko Salalah. Mie khabari za watu wote wa Rusayl ninazo, mpaka za wasionijua. Sikujua kama Mahfoudh ana dada.

Kwa hivyo malalamiko yangu yote, la kwanza mpaka la nane, nayafuta, na usimrudishe. Mwache palepale. Nilikuwa niichane barua, lakini yeye kakataa, anasema ina makosa matatu tu na keshayasahihisha.

Lakini ninalo ombi jipya, dogo. Nilipoinuka kuondoka alinambia niende tena Jumanne ijayo, saa nne mpaka saa tano, kwa sharti nisiseme. Naomba ruhusa ya saa hiyo moja, kila Jumanne. Na ukiwa na shida na mie wakati huo usinipigie simu, sitaruhusiwa kuipokea.

N.